Kabichi za Villandry

Bonde la mto Loire, Ufaransa, wengi huliendea kwa ajili ya mvinyo. Mizabibu ya Vouvray na Chinon ndiyo iliyolipa sifa. Ila palipo na mizabibu pana watu waliozoea kupogoa, kusubiri na kuusoma udongo, na ustadi wa namna hiyo ndio unaotunza bustani za huko. Msomaji asiyeonja mvinyo asidhani safari haimhusu. Bustani peke yake zinatosha. Katika kasri la Chenonceau kuna mbili, zenye majina ya mahasimu wawili wa ikulu ya kifalme, Diane de Poitiers na Catherine de Médicis. Kasri la Chaumont hufanya tamasha la bustani kila mwaka tangu 1992. Mimi nasimama Villandry, kwa sababu huko kilichovikwa taji ni mboga.

Kasri la Villandry lilijengwa katika karne ya 16 na Jean Le Breton, waziri wa fedha wa Mfalme François wa Kwanza. Karne zilipopita, bustani yake ilifutwa, ikapandwa nyasi na miti kwa mtindo wa Kiingereza. Mwaka 1906 Joachim Carvallo, daktari na mtafiti kutoka Hispania, alilinunua kasri pamoja na mkewe Mmarekani, Ann Coleman. Akaacha utafiti, akaing'oa ile bustani ya Kiingereza, akafuata michoro ya kale kurudisha ya zamani. Penye nyasi za kutazamwa akapanda kabichi. Huo, kwa maoni yangu, ni uamuzi wa kishujaa kuliko kujenga kasri lenyewe.

Bustani ya mboga ina miraba tisa, yote sawa kwa ukubwa, kila mmoja na mchoro wake uliozungushiwa ua mfupi. Humo kijani cha majani ya karoti hupakana na wekundu wa bitiruti, na vitunguu liki hung'aa kwa rangi inayokaribia buluu. Ukitazama kutoka juu unaona zulia. Ukishuka, unakuta chakula.

Hapa ndipo ufundi unapoonekana. Mchoraji akitaka wekundu pembeni, anaupaka tu. Mtunza bustani hana uhuru huo. Kabichi ikirudi palepale msimu hadi msimu, magonjwa yake hujikusanya udongoni. Maharage huacha rutuba, maboga huila. Basi anapopanga rangi hupanga pia mzunguko wa mazao, na hesabu zote mbili lazima zikubali. Tena anachora kitu ambacho bado hakijaota: akiwa na mche mdogo kitaluni, ni lazima ajue utatanuka kiasi gani na majani yake yatageuka rangi gani baada ya miezi miwili. Akishapatia, kazi haidumu. Yaliyopandwa majira ya machipuko hung'olewa Juni, na ya kiangazi huchukua nafasi. Mara mbili kwa mwaka picha nzima huchorwa upya, na tangu 2009 magugu hayapigwi dawa za viwandani. Yanapaliliwa kwa mikono. Majira ya baridi, wageni wakiwa wachache, wapogoaji huhudumia miti zaidi ya 1,000 ya tilia, mmoja baada ya mwingine.

Kwetu maua ndiyo yanayowekwa mbele ya nyumba kupokea wageni, na mchicha husogezwa uani, karibu na jiko. Bibi anayemwagilia matuta yake ya sukumawiki alfajiri, aliyenyoosha mistari na kubana mimea ili maji yasipotee, hatumwiti fundi. Villandry inanifanya nione kwamba tumemnyima jina analostahili.

Anayefikiria kwenda, aende mwishoni mwa Agosti au Septemba, mboga za kiangazi zikiwa zimekomaa na mavuno ya zabibu yakikaribia. Villandry iko kilometa 15 hivi magharibi mwa mji wa Tours. Aanzie roshani ya juu, kisha ashuke atembee katikati ya matuta, na akimkuta mtu ameinama na jembe, amsalimu kwa heshima.