WhatsApp si kabati la chama

Ndugu zangu, nani ako na statuti zetu? Bila hizo dosie ya chama haiendi popote. Tulizituma kwenye grupu ya WhatsApp. Leo zimefunikwa na salamu za sikukuu, na simu ya sekretere ilianguka ndani ya Lulua. Ile grupu ni ya kuitana mkutano, basi.

Google Drive inatoa GB 15 bure, lakini hapa Sandoa, mega zikiisha, unaangalia kiduara kinazunguka. Mimi nachagua Syncthing: kompyuta mbili kwenye Wi-Fi moja zinapeana faili hata intaneti ikikatika. Ubaya wake, ukifuta huku, na kule inafutika. Kwa hiyo kopi moja ikae kwa flashi, Kolwezi. Nani ataishika? Hapo hatujaelewana bado.