Viunganishi Katika Tasnifu za Wanafunzi Wetu: Kosa ni la Nani?

Tuchukue sentensi ya aina tunayokutana nayo mara kwa mara katika kusahihisha tasnifu: "Mtafiti hakuhoji walimu na wanafunzi." Je, hakuhoji kundi lolote, au alihoji moja akaacha jingine? Msomaji hawezi kujua. Angeandika "hakuhoji walimu wala wanafunzi", shaka ingekwisha. Kiunganishi kimoja kinatosha kutia mashaka data yote ya mwanafunzi.

Wengi wetu huandika "sarufi mbovu" kwa wino mwekundu na kupita. Kwa maoni yangu, hukumu hiyo haimsaidii mwanafunzi, kwani haimwoneshi kosa limetoka wapi.

Hapa Gisenyi mwanafunzi huja darasani na Kinyarwanda chake. Katika lugha hiyo "na" huunganisha nomino, kama vile "umwarimu n'umunyeshuri", ilhali vishazi huunganishwa kwa "kandi". Katika Kiswahili "na" hufanya kazi zote mbili. Mwanafunzi anayetafuta badala ya "kandi" huishia kwenye "na pia" au "na tena": "Utafiti huu unakusanya data na pia unazichambua." Ufasaha ungetaka "unakusanya data na kuzichambua". Mwingine hufuata "-ka-" ya kwao, ambayo huandamana hata na wakati ujao ("azaza akicara"), akaandika: "Sura hii itaeleza nadharia ikajadili mbinu." Katika Kiswahili sanifu "-ka-" ya mfuatano huandamana zaidi na "-li-". Aidha, akivuka mpaka kwenda Goma husikia "ao" mahali pa "au", naye huileta katika maandishi.

Hata hivyo, lawama si ya lugha mama peke yake. Sisi walimu tumezoea kugawa orodha ya viunganishi ikaririwe: aidha, vilevile, hata hivyo, kwa hiyo. Matokeo yake ni aya ambazo kila sentensi imevishwa kiunganishi kama pambo, na "hata hivyo" hutokea pasipo hoja yoyote inayopingwa. Tumefundisha majina ya viunganishi, tukasahau uhusiano wa hoja.

Napendekeza tuanze na kile mwanafunzi anachokijua. Kila Mnyarwanda husema "gusoma no kwandika". Kutoka hapo, "kusoma na kuandika" ni hatua fupi, na "anasoma na kuandika" hufuata. Kisha tumwoneshe mahali lugha hizi mbili zinapoachana.

Tangu 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda. Wanafunzi hawa ndio watakaoandika ripoti na kufundisha wengine. Basi kabla ya kuchukua kalamu nyekundu, tumwulize mwandishi swali moja: hoja zako hizi mbili zinajumlishwa, zinapingana, zinachaguliwa, au zinakanushwa zote? Akilijibu, kiunganishi atakipata mwenyewe.