Pongezi kwa Fundi wa Mashine za Nyasi

Mashine ya kusukuma, bodi yake ikiwa bado nzima, haistahili kutupwa eti kwa kuwa injini imekufa. Mafundi wa jua kali wanalijua hilo, nami nawapongeza. Mtazame anayeijua kazi. Kwanza anachomoa waya wa plagi, maana kisu kikigeuzwa kwa mkono injini inaweza kushika. Kisha anailaza mashine kabureta ikitazama juu, oili isilowanishe chujio la hewa. Akichagua injini mpya ya kuweka, hababaikii nguvu za farasi, anapima shafti. Lazima isimame wima, si kulala kama ya pampu ya maji. Unene mara nyingi ni milimita 22.2 au 25.4, na tofauti hiyo ndogo inatosha kishikio cha kisu kikatae kuingia. Halafu urefu, matundu ya bolti, na ile kii ndogo. Kisu kisipobanwa sawasawa, kamba humrudi fundi mkononi kwa kishindo, kwani injini nyingi za aina hii hutegemea uzito wa kisu ili ziendelee kuzunguka. Mwisho, oili: injini mpya nyingi huja kavu, na wauzaji wengine, Mungu awasamehe, hawasemi. Fundi humimina, husubiri, hutazama kijiti, ndipo avute kamba.