Punje Isiyo na Mwenzake

Kabla chaki haijagusa ubao, mwalimu wa Hisabati wa Darasa la Saba hapa Rubwera anamwaga maharage mezani, yale yale yanayopandwa chini ya migomba wilaya nzima ya Kyerwa. Mtihani wa Baraza la Mitihani huja Septemba, karatasi ileile kwa mtoto wa hapa na wa Dar es Salaam. Yeye hana haraka.

Anachota kiganja kimoja, anapanga punje mbilimbili kwa ncha ya kidole. Zote zikipata wenzi, namba ni shufwa. Ikibaki moja, ni witiri. Anachota kiganja kingine, nacho kinabakiza punje moja. Anasogeza mafungu hayo mawili polepole hadi punje mbili zilizobaki zikutane. Witiri kujumlisha witiri ni shufwa. Vitabu vingi vya marudio huwapa watoto kanuni hii waikariri, na aliyekariri huivuruga akifika kwenye kuzidisha. Hapa wameiona ikitokea.

Ndipo anaandika: “Jumla ya namba tatu witiri zinazofuatana ni 51. Kubwa ni ipi?” Wanafunzi wanaanza kuandika n, n + 2, n + 4. Si kosa, ila ni njia ndefu. Mwalimu anasoma swali mara ya pili. Namba hizo hupishana kwa 2, kwa hiyo ya kati ndiyo wastani: 51 gawanya kwa 3 ni 17. Basi ni 15, 17 na 19. Anahakiki kwa sauti, 15 na 17 ni 32, na 19 ni 51, kisha anapigia mstari 19. Mwenye pupa angeishia 17.

Anafuta 51, anaweka 48.

“Haiwezekani, Mwalimu,” anasema binti mmoja, kalamu bado iko mezani. Witiri tatu hubakiza punje tatu. Mbili huungana, moja hubaki. Jumla haiwezi kuwa shufwa.

Swali la kuchagua ndilo linaloonyesha ustadi wa mwalimu hasa. Ikiwa m ni shufwa na n ni witiri, ipi lazima iwe witiri: (A) mn, (B) m + 2n, (C) 3m + n, au (D) m ÷ 2 + n? Anaweka 0 mahali pa m na 1 mahali pa n. Kuna anayeuliza kama 0 ni shufwa; mwalimu anamwonyesha meza tupu: hakuna punje iliyokosa mwenzake. Majibu yanatoka 0, 2, 1, 1. Machaguo mawili yamebaki, na wengi wangebahatisha. Yeye analitazama lile lenye kugawanya, kwa kuwa nusu ya shufwa yaweza kuwa yoyote. Anajaribu 6: nusu yake 3, ongeza 1, ni 4. Anaikata D, anazungushia C, anahamia swali linalofuata.