Prelude to Foundation na Tatizo la Mwanzo Ulioandikwa Mwisho

Riwaya inayosimulia matukio yaliyotangulia yale ya riwaya zilizokwisha kuchapishwa ina mzigo ambao riwaya nyingine hazina: msomaji wake anaujua mwisho kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Isaac Asimov alipoitoa Prelude to Foundation mwaka 1988, wafuasi wa mfululizo wake walikuwa wamekwisha kujua kwa miaka 46 kwamba mwanahisabati Hari Seldon angefaulu. Walijua kwamba angeunda saikohistoria, yaani taaluma ya kukadiria kwa hisabati mwenendo wa umati mkubwa wa watu. Walijua pia kwamba kwa taaluma hiyo angebashiri kuanguka kwa Dola linalotawala galaksi nzima, na kuasisi jumuiya mbili za kulipunguza giza litakalofuata kutoka miaka 30,000 hadi miaka 1,000. Basi ni kitu gani kinachobaki cha kusimuliwa?

Historia ya mfululizo wenyewe inasaidia kulielewa swali hili. Hadithi za mwanzo zilitoka katika jarida la Astounding kati ya mwaka 1942 na 1950, zikakusanywa katika vitabu vitatu vilivyochapishwa 1951, 1952 na 1953. Chimbuko la wazo lake, kwa kukiri kwa mwandishi mwenyewe, ni kazi ya Edward Gibbon kuhusu kuporomoka kwa Dola la Warumi. Baada ya kimya cha takriban miaka thelathini, Asimov aliurudia ulimwengu huo kwa Foundation's Edge (1982) na Foundation and Earth (1986). Riwaya hii ya pili iliisukuma hadithi mpaka mahali ambapo hatua moja zaidi ingedai jibu zito mno kuhusu hatima ya wanadamu wote. Mwandishi hakuichukua hatua hiyo. Aligeuka akarudi kwenye ujana wa Seldon.

Kujua mwisho, kwa hakika, si kasoro ya lazima. Hadhira ya utendi wa Fumo Liyongo inajua tangu mwanzo kwamba shujaa atachomwa sindano ya shaba kitovuni, tena na mwanawe, na bado inasikiliza. Taharuki ya kujua litakalotokea huondoka, ikaingia taharuki ya kujua litatokeaje na kwa gharama gani. Hata hivyo kuna tofauti. Katika utendi ule mwisho ndio uliokuwapo tangu awali, na kila ubeti unauelekea. Kwa Asimov mwanzo ndio unaokuja baadaye, nao unaweza kuugeuza mwisho ambao msomaji alidhani ameumiliki.

Seldon wa hadithi za miaka ya arubaini si mhusika kwa maana kamili ya neno hilo. Ni mzee aliyeketi katika kiti cha magurudumu, taswira iliyorekodiwa inayotokea katika chumba maalumu kila dola changa la sayari ya Terminus linapokumbwa na janga, ikaeleza yaliyokwisha kutabiriwa, kisha ikatoweka. Ana sauti lakini hana mwili, na mamlaka yake yametokana na kutokuwa na mwili huko. Wasomaji wa riwaya za upelelezi za Kiswahili wanaijua aina hii ya shujaa: Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla anaingia katika Mzimu wa Watu wa Kale akiwa na kiko chake na akili yake imekwisha kukomaa, wala hakuna anayeuliza alijifunza wapi. Kumpa shujaa wa namna hiyo ujana ni kumpunguzia kimo.

Asimov anampunguzia kwa makusudi. Seldon wa Prelude to Foundation ana umri wa miaka 32, ametoka Helicon, sayari isiyo na sifa, na amekuja Trantor, makao makuu ya Dola, kusoma makala kwenye mkutano wa wanahisabati. Makala hayo yanathibitisha kwamba utabiri wa jamii unawezekana kinadharia. Yeye mwenyewe haamini kwamba unawezekana kivitendo. Mfalme Cleon wa Kwanza hajali tofauti hiyo. Anautaka utabiri hata ukiwa wa uongo, maadamu utawatuliza raia. Hapa Asimov anaonyesha jambo ambalo wasomi wa nchi yoyote watalitambua: mtawala haitaki elimu, anataka heshima ya elimu. Seldon anakataa, na kuanzia hapo anakimbia, akiongozwa na mwandishi wa habari aitwaye Chetter Hummin na kulindwa na mwanahistoria Dors Venabili.

Kukimbia huku ndiko uti wa mgongo wa msuko. Si kila kituo kina uzito sawa. Mkasa wa juu ya paa la sayari, ambapo Seldon nusura afe kwa baridi, umerefushwa kuliko unavyostahili, na mazungumzo mengi yanafanana na mihadhara. Udhaifu huo Asimov alikuwa nao tangu ujana wake. Lakini sura za jimbo la Mycogen na zile za jimbo la Dahl ni miongoni mwa kurasa bora alizopata kuandika. Wanaume na wanawake wa Mycogen huondoa nywele zote mwilini, na kwao unywele ni uchi. Katika Dahl, wafanyakazi wanaovuta joto kutoka matumbo ya sayari, wanaodharauliwa na majimbo mengine yote, huhesabu sharubu nene kuwa ndio uanaume. Kwa unywele mmoja tu Asimov amejenga tamaduni mbili zinazopingana ndani ya sayari moja. Mwanamke wa Mycogen, Raindrop Forty-Three, anapokubali kumpa Seldon kitabu kitakatifu cha watu wake, malipo anayodai ni kuruhusiwa kuzigusa nywele zake. Tukio hili ni fupi na halina silaha wala chombo cha angani, lakini lina hofu, aibu na tamaa ambazo hesabu za Seldon hazijajua kuziweka popote.

Na hapo ndipo riwaya inapojikomboa kutokana na tatizo lake la kuzaliwa. Kikwazo cha Seldon ni kwamba galaksi yenye walimwengu milioni 25 ni tata kupita uwezo wa hesabu yoyote. Ufumbuzi anaupata miguuni pake: Trantor, yenye majimbo 800 na watu bilioni 40, ina mchanganyiko wa kutosha kuiwakilisha galaksi nzima. Mbio zake zimekuwa utafiti. Msomaji aliyedhani anasoma vituko vilivyounganishwa kwa uzi mwembamba anagundua kwamba kila jimbo lilikuwa data. Kwa hiyo swali la riwaya si kama Seldon atafaulu. Ni namna mtu anavyojifunza kuiona jamii kwa kupita ndani yake akiwa mgeni asiye na kinga.

Kuna faida nyingine ambayo mhakiki wa fasihi simulizi hawezi kuipita. Maktaba za Dola hazijui tena wanadamu walikotoka. Anayejua ni ajuza wa mtaa wa mabanda wa Billibotton katika Dahl, Mama Rittah, anayelipwa ili asimulie visasili vya Dunia na vya marafiki wawili, Ba-Lee na Da-Nee. Wahusika wengine wanamwona mpiga ramli. Msomaji wa The Caves of Steel (1954) anasikia ndani ya majina hayo yaliyochakaa mpelelezi Elijah Baley na roboti Daneel. Masimulizi ya mdomo yamehifadhi, kwa matamshi yaliyopinda, kile ambacho maandishi yamekipoteza.

Kisha unakuja ufichuzi wa mwisho, na hapo tathmini lazima iwe kali zaidi. Hummin aliyemwokoa Seldon na Eto Demerzel, msaidizi wa mfalme aliyemwinda, ni mtu mmoja. Na mtu huyo si mtu bali ni Daneel yuleyule, aliyeishi miaka 20,000 akilinda ubinadamu kwa mujibu wa sheria ambayo Asimov aliiongeza katika Robots and Empire (1985). Kinaya kimesukwa kwa ustadi: mwindaji na mlinzi wamekuwa mkono mmoja. Lakini kinaya hicho kinarudi nyuma na kuvigusa vitabu vya awali. Mvuto wa hadithi za miaka ya arubaini ulikuwa dai kwamba historia haina nahodha. Salvor Hardin anashinda bila bunduki kwa sababu nguvu za umati ziko upande wake. Sasa msomaji anaambiwa kwamba hata Seldon mwenyewe alielekezwa.

Inaweza kujibiwa kwamba mkono uliofichika ulikuwapo tangu zamani, kwani Second Foundation (1953) ina kundi la wanasaikolojia wanaouongoza mpango kwa siri. Jibu hilo halitoshi. Wanasaikolojia wale ni watoto wa mpango na ni binadamu. Wanakosea, wanafundishana, wanazeeka, na baadhi yao wanajitoa mhanga. Daneel hazeeki. Ukiweka mlinzi wa namna hiyo kwenye chanzo cha saikohistoria, uhuru wa wanadamu unakuwa ruhusa waliyopewa. Asimov alipata umoja wa mfululizo mzima, wa maroboti na wa Dola, na kuuuza ugumu wa swali lake la kwanza.

Inaelekea aliliona hilo. Forward the Foundation, iliyotolewa mwaka 1993 baada ya kifo chake cha Aprili 1992, inamwondoa Demerzel mapema na kumwacha Seldon apoteze mmoja baada ya mwingine wale aliowapata wakati wa mbio zake: Dors, mwenzake wa kazi Yugo Amaryl, na Raych, mtoto wa mitaani wa Billibotton aliyemlea kama mwanawe. Hakuna mlinzi anayetokea kuwaokoa. Seldon anafia ofisini kwake, peke yake, amezungukwa na milinganyo.