Moshi Kwanza: Kulitambua Jiko la Kuni Lililofungwa Vizuri Besimenti

Ukiitwa kuangalia jiko la kuni lililopachikwa ndani ya meko ya zamani, usianze na kioo cha mlango wala mawe yaliyopangwa pembeni. Hayo hupendeza hata kazi ikiwa mbovu. Uliza kwanza moshi unapita wapi, na kwa nguvu gani.

Wenzetu walionunua nyumba za zamani huko Minnesota wanazijua meko hizi: moja sebuleni, nyingine chini yake besimenti, zote za matofali na midomo wazi. Meko ya wazi hula kuni nyingi na kupeleka sehemu kubwa ya joto angani. Sanduku la chuma lenye mlango unaobana na kidhibiti cha hewa, likisukumwa ndani ya meko hiyo, hugeuza hesabu: kuni zilezile hutoa joto maradufu na zaidi. Lakini besimenti ndiyo mahali pagumu kuliko pote pa kulifunga. Wakati wa baridi hewa yenye joto hupanda ndani ya nyumba na kutokea kwenye nyufa za darini, na nyumba hufidia kwa kuvuta hewa ya nje kupitia tundu lolote lililo chini. Dohani iliyopoa nayo ni tundu. Ikiwa imejengwa nje ya ukuta, ikala baridi usiku kucha, hewa itashuka kupitia humo na kuishia besimenti.

Jaribio langu ni kijiti cha udi. Subiri siku ya baridi kali, jiko likiwa limezimika tangu jana. Fungua mlango upenyo wa kidole, shika udi karibu na upenyo huo, kisha tulia. Uzi wa moshi ukipinda na kuingia ndani ya jiko bila kusita, hiyo ni kazi ya fundi. Ukisimama wima, kuna mashaka. Ukikurudia usoni, nyumba imeishinda dohani. Rudia huku mashine ya kukaushia nguo na feni za jikoni na bafuni zikifanya kazi, maana zote hugombania hewa ileile. Na usikimbilie kufungua dirisha la ghorofani. Utakuwa umeipa hewa ya joto njia pana zaidi ya kutorokea. Ziba juu, kisha fungua kidogo dirisha la besimenti penyewe.

Kinacholipa jiko nguvu ya kuvuta ni bomba, na hapa ndipo mafundi hutofautiana. Kazi safi ina bomba la stenlesi lenye kipenyo kile kile kinachotakiwa na jiko, mara nyingi inchi 6, kuanzia shingo ya jiko hadi kileleni bila kukatika. Wapo wanaoingiza kipande kifupi na kukiachia ndani ya dohani ya vigae vya udongo. Moshi ukifika kwenye nafasi hiyo pana hupoa, hulegea, na kugandisha kriosoti, lami nyeusi ambayo siku moja inaweza kuwaka humo humo. Benjamin Franklin, alipoeleza jiko lake katika kijitabu cha mwaka 1744, aliulazimisha moshi ushuke kabla ya kupanda, na watumiaji walisumbuka nalo: moshi uliopoa hauna hamu ya kupanda. Dohani ikiwa kwenye ukuta wa nje, bomba livishwe blanketi la kuzuia baridi tangu chini hadi juu.

Halafu kuna bati ambalo hutaliona tena kazi ikishaisha. Pale palipokuwa na kilango cha zamani cha moshi, fundi mwenye heshima na kazi yake hukata bati la chuma, hulizungushia bomba, huziba kingo, na kuweka sufi isiyoungua juu yake. Bila bati hilo, joto hupanda nyuma ya jiko na kupotelea kwenye matofali. Mwombe picha alizopiga kabla ya kufunika. Aliyeliweka huzionyesha kwa furaha.

Mengine hukaguliwa haraka. Dohani ipite paa kwa futi 3, na iwe juu kwa futi 2 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya futi 10. Sakafu mbele ya mlango isiwe ya kuungua. Kijitabu cha jiko ndicho kitakachokupa vipimo. Bana kipande cha karatasi mlangoni ukivute: kikitoka kwa urahisi, kamba ya mlango imelegea. Kuni zisizidi unyevu wa asilimia 20, na upime upande wa ndani wa gogo ulilolipasua sasa hivi, kwa sababu ganda hudanganya.

Moto wa kwanza uwe mdogo, na wa pili na wa tatu vivyo hivyo. Rangi ya jiko itatoa harufu kali inapokomaa. Ingiza hewa safi na uwatoe watoto. Pasha dohani kwanza kwa gazeti linalowaka, kisha panga magogo chini na vibanzi juu, uwashe kutoka juu. Moto ukishika, punguza hewa polepole na utazame dari ya jiko: ndimi za moto hujitenga na kuni na kuelea huko juu bila haraka, kwa sababu sasa moshi wenyewe ndio unaoungua. Toka nje utazame kilele cha dohani. Unataka hewa inayotetemeka kwa joto, bila wingu. Kioo kikipata weusi unaong'aa, ama kuni ni mbichi ama umelinyima jiko hewa.

Wengi hulisifu jiko kwa jinsi linavyowaka. Mimi hulipima alfajiri, linapokufa. Makaa hayatoi moshi, lakini hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, na ndiyo saa dohani inapopoa na nguvu yake kupungua. Jiko la besimenti linaloendelea kuvuta hadi kaa la mwisho limefungwa na mtu anayejua. Hata hivyo king'ora cha gesi hiyo kiwepo besimenti na kingine karibu na vyumba vya kulala, na kikilia, watu wote watoke nje kwanza, jiko litaulizwa baadaye.