Ibara ya 15 na Nyanya za Roshani

Mkataba wa UPOV, unaolinda haki za wanaozalisha aina mpya za mimea, unaanza kwa ukarimu. Katika toleo la 1991, ambalo Kenya ilijiunga nalo Mei 2016, ibara ya kwanza inamtaja mzalishaji kuwa mtu aliyezalisha aina fulani, au aliyeigundua na kuiendeleza. Haiulizi shahada, maabara wala ekari. Anayepanda nyanya kwenye roshani ya ghorofa ya nne huko Kilimani, akang'oa stameni za ua changa kwa kibano, akalipaka chavua ya mche mwingine na kulifunga uzi ili alitambue, amekwisha kuianza kazi inayotajwa humo. Naipenda sana ibara hiyo. Ndiyo maana inaniuma kuona zinazofuata zikimsukuma nje, tena kwa mpangilio wa sentensi tu.

Ibara ya 5 hadi ya 9 zinataka aina iwe mpya, iwe tofauti na nyingine, miche yake ifanane, na ibaki vilevile kizazi baada ya kizazi. Katika maandishi masharti haya manne yamesimama bega kwa bega, kila moja na ibara yake fupi. Bustanini hayalingani hata kidogo. Ukichanganya nyanya mbili zilizotulia, kizazi cha kwanza hutoka kikifanana. Panda mbegu zake, na kizazi cha pili kinatawanyika: mche huu mrefu, ule mfupi, tunda hili la mviringo, lile la yai, moja tamu, jingine kali. Upya na tofauti umevipata, kufanana bado. Nyanya hujichavusha yenyewe, na kila inapofanya hivyo, sehemu ya jeni ambazo bado zimechanganyika hupungua kwa nusu, hata kufikia kizazi cha sita imebaki kama asilimia 3. Kwa Nairobi, isiyo na majira ya baridi kali ya kuua miche, mtu akivuna vizazi viwili kwa mwaka, hiyo ni miaka mitatu. Mkataba hauna kitenzi cha kungoja. Unaelezea kitu kilichokamilika, na miaka yote ambayo mche haujaamua utakuwa nini haina nafasi katika sarufi yake.

Kisha ibara ya 15, nayo ndiyo ya kusomwa polepole. Aya yake ya kwanza inasema kwa lazima kwamba haki za mzalishaji hazitagusa mambo yanayofanywa faraghani na bila biashara, wala majaribio, wala kuzalisha aina nyingine. Aya ya pili inamhusu mkulima anayeweka mbegu ya mavuno yake ili aipande tena shambani mwake, na hapo lazima inageuka ruhusa: nchi inaweza kumruhusu, kwa kiasi kinachofaa, mradi maslahi halali ya mzalishaji yalindwe. Vishazi vinarundikana mbele ya mtu huyo kabla hajaifikia mbegu yake. Mwenye mshahara anayelima roshani yake Jumamosi amelindwa bila masharti mengi. Mkulima wa Machakos anayekula kutokana na mbegu hiyo anaachwa kwa hiari ya serikali. Sidhani kuna tafsiri ya wakili itakayonishawishi kwamba mpangilio huo ni wa haki.

Hata huyo wa roshani amelindwa maadamu yuko peke yake. Kilimani ya nyumba za chini zenye ua na mparachichi inaondoka, na kandokando ya Argwings Kodhek na Lenana Road magorofa yamechukua nafasi yake. Roshani hubeba ndoo chache. Ili sifa mbili fiche zikutane kwenye mche mmoja wa kizazi cha pili, wastani ni mche mmoja katika 16. Basi hana budi kuwagawia majirani mbegu, kila mmoja apande ndoo zake, kisha walinganishe matunda. Na malenge hayajui faragha kabisa: nyuki hupita juu ya ukuta na chavua ya uani kwa mwingine.

Mkataba haumkatazi kugawa mchanganyiko wake. Unanyamaza tu anapovuka mlango. Aliyemngoja nje ni Sura ya 326, sheria ya mbegu ya 1972, ambayo ilikuja kumtishia anayeuza au kubadilishana mbegu isiyoidhinishwa kwa faini ya hadi shilingi milioni 1 au kifungo cha hadi miaka 2. Wakulima 15 waliipinga mahakamani mwaka 2022, na tarehe 27 Novemba 2025 Jaji Rhoda Rutto wa Mahakama Kuu ya Machakos akaamua kwamba vifungu hivyo vya adhabu vinakiuka Katiba.

Katiba yenyewe ya 2010 imeziweka mbegu mahali nisipotarajia: ibara ya 11, ya utamaduni, pamoja na fasihi na sanaa. Inazitaja mbegu za kiasili na matumizi yake kwa jamii za Kenya. Hapo pia mtu wetu anakosa kiti, maana nyanya asili yake ni Amerika, na roshani moja si jamii. Lakini ngazi moja yenye roshani kumi zinazolea kizazi kimoja cha pili? Bunge likiviandika upya vifungu vile vya Sura ya 326, nataka sentensi ya kwanza ianze na wao, wanaopeana mbegu, na kitenzi chake kiwe cha lazima.